Muulize Anko Protini: mbona valini yangu haigusani na kitu?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba protini ni kamba iliyojikunja mpaka ikajigusa yenyewe, basi mmenishushia maswali mpaka mhariri ananiuliza nimewafanyia nini watu. Nimechukua matano. La pili nimelijibu kwa kirefu maana nimeona kosa ambalo na mimi nilishalifanya, na najua linavyouma.

SWALI: Anko shikamoo. Niko fomu siksi PCB. Ticha katufundisha protini ni amino asidi zimeungana, ila nikisoma mwenyewe nakutana na neno rezidyu, na wanasema rezidyu zinagusana. Rezidyu ndo nini, na zinagusanaje tena wakati zote tayari ziko kwenye mnyororo mmoja? – Kijana wa PCB, Tabora

JIBU: Marahaba kijana. Amino asidi mbili zikiungana inatoka molekuli moja ya maji, kwa hiyo kilichobaki kwenye mnyororo si amino asidi kamili tena, kimepungukiwa kidogo, hicho ndo wanakiita rezidyu. Ni shanga ambayo imeshatungwa kwenye uzi, basi.

Sasa tunga shanga 146 (ndo urefu wa cheni beta, moja ya aina mbili za cheni za hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu yako), ziweke kiganjani ukunje ngumi. Shanga ya 6 na ya 7 zilikuwa zinagusana toka mwanzo, hiyo haina habari. Ila ukifungua vidole pole pole utakuta shanga ya huku mwanzoni imelaliwa na ya kule karibu na mwisho, kwenye uzi zilikuwa mbali lakini ngumini zimekuwa chanda na pete. Mgusano wa namna hiyo ndo tunaoutafuta, kwasababu ndo unaoishikilia protini isifumuke.

Kuichora ni rahisi. Unakumbuka zile diary za zamani nyuma kuna jedwali la umbali wa miji, Dar juu Dar pembeni, Moro, Dodoma, Singida, unakutanisha kidole cha safu na cha mstari unapata kilomita? Fanya hivyo hivyo kwa rezidyu, juu 1 mpaka 146, pembeni 1 mpaka 146, halafu zile zenye umbali mdogo weka nukta nyeusi, za mbali acha wazi. Ukiangalia nukta zilivyokaa unaisoma protini: heliksi, yaani sehemu iliyojisokota kama springi, inaonekana kama mstari mnene umeng'ang'ania ulalo, maana kila rezidyu inashikana na ya nne mbele yake. Nyuzi mbili (vipande vya mnyororo vilivyonyooka) zilizolala ubavu kwa ubavu zikielekea upande mmoja zinachora mstari sambamba na ulalo, na zikilala mzungu wa nne mstari unaukata ulalo kama alama ya kuzidisha. Ukizoea unaangalia picha tu unajua hii ni ya heliksi tupu, hii ina nyuzi.

SWALI: Shikamoo Anko. Nasoma masta hapa Dar, thesisi yangu ni hemoglobini ya selimundu. Kutoka PDB, lile ghala la miundo ya protini, nimedaunlodi 4HHB ambayo ni ya kawaida na 2HBS ambayo ni ya selimundu, nikaandika skripti ya Python inapita cheni moja moja inahesabu rezidyu zipi zinagusana. Matokeo ya cheni beta yanakaribia kufanana kabisa! Ile amino asidi valini ya namba 6 ambayo ndo ugonjwa wenyewe haigusani na kitu cha maana, ni majirani zake tu. Kama hakuna kilichobadilika ugonjwa unatoka wapi? Halafu nikitoa kikomo cha umbali wa kugusana cha angstromu 4.5 nikaweka 5 idadi inaruka, supavaiza anasema skripti yangu mbovu. Wiki ya tatu hii silali vizuri. – Mwanafunzi aliyechoka, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, ila kalale leo. Hesabu zako ziko sawa. Umetafuta mahali ambapo kitu hakipo.

Tuanze na valini yenyewe. Kwenye hemoglobini ya kawaida nafasi ya 6 ya cheni beta inakaa glutamati, ina chaji hasi, inapenda maji, na imekaa juu kabisa nje ya molekuli ikitazama maji. Mwenye selimundu hapo ana valini, fupi, haina chaji, ya mafuta mafuta, haipendi maji hata kidogo. Lakini angalia ilipokaa: nje. Haikuwa imeshikilia kuta za nyumba, kwa hiyo ukiibadilisha nyumba haibomoki, cheni inajikunja vile vile na migusano ya ndani inabaki karibu vile vile, ndo hicho umekiona na umekiona sawa. Mgusano unaoleta ugonjwa hauko ndani ya molekuli. Uko kati ya molekuli moja na ya jirani yake.

Yaani hivi. Hemoglobini ikishaachia oksijeni umbo lake linageuka, na cheni beta ya molekuli jirani inakuwa na kishimo juu yake, kingo zake ni fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, zote mbili hazipendi maji. Valini ya mwenzake inakuja inaingia mle kama kifungo kwenye tundu la shati. Molekuli ya kwanza imemshika wa pili, wa pili anamshika wa tatu, mpaka inakuwa kamba ndefu yenye nyuzi 14, na kamba hiyo ndo inayoivuta seli nyekundu ya damu ikawa mundu. Kishimo kile kipo hata kwa asiye na ugonjwa, ni kwamba glutamati na chaji yake haikubali kuingia kwenye shimo la mafuta. Wenye hemoglobini C, ambayo iko zaidi Afrika Magharibi, nafasi hiyo hiyo wana laisini, nayo ina chaji, na kamba hizo haitengenezi. Nafasi moja, rezidyu tatu tofauti, kila moja na hadithi yake.

Kinachonichekesha, na usikasirike maana na mimi niliwahi kukaa mwezi mzima kwa kosa hili hili, ni kwamba jibu unalo kwenye laptopu toka siku ya kwanza. Muundo wa 2HBS ambao ulitoka 1997 kwa usahihi wa angstromu 2.05 (angstromu ni milimita moja ukiikata vipande milioni kumi) una hemoglobini mbili nzima, cheni nane, maana kila moja ina alfa mbili na beta mbili. Skripti yako inapita cheni moja moja, kwa hiyo inauliza kila mtu "unajigusa wapi?" badala ya "umeshikana na nani?". Badilisha swali. Chukua valini ya 6 kwa kila cheni beta, ziko nne, halafu uliza ni atomu gani ya cheni NYINGINE iko ndani ya angstromu 5. Na usiishie kwenye faili, waambie PyMOL au ChimeraX, zile programu za kuangalia miundo, wajenge na molekuli za jirani kwenye kristali maana kamba inaendelea nje ya faili. Usishtuke pia ukikuta valini nyingine hazijashika kitu, katika kila hemoglobini zipo mbili na kwenye mgusano huu wa ubavuni inaingia moja tu, ya pili inabaki inaangalia maji.

Kuna mtego mwingine hapa ambao unaua watu kimya kimya. Watu wa jenetiki wanahesabu kuanzia methionini ya mwanzo kabisa, ile inayokatwa baadaye, kwa hiyo kwao badiliko hili ni namba 7. Faili la PDB linasema 6. Ukichanganya majedwali mawili bila kuangalia utaenda kusoma nafasi ya 7, na bahati mbaya mnyororo unakwenda valini, histidini, leusini, threonini, prolini, glutamati, glutamati: ya 6 glutamati na ya 7 glutamati! Kompyuta haitalalamika, utapata jibu safi la rezidyu isiyohusika. Nimeona poster nzima ya mkutano imekwenda na maji hivyo.

Sasa hilo la kikomo. Tuchukue atomu mbili, kwa x, y na z moja iko 10, 4, 7 na nyingine 13, 4, 11. Tofauti ni 3, 0 na 4. Zipige kila moja kwa yenyewe, 9 jumlisha 0 jumlisha 16 ni 25, kipeuo chake 5. Kwa kikomo cha 4.5 hawa hawajuani, kwa kikomo cha 5 ni marafiki, na hakuna atomu hata moja iliyosogea. Kwa hiyo idadi kuruka si ubovu wa skripti, mwambie supavaiza kwa heshima. Kwenye faili hakuna safu iliyoandikwa "hizi zinagusana", mle mna mahali atomu zilipo tu, mgusano ni wewe unauamua kwa kusema umbali na kusema unapima kutoka wapi mpaka wapi.

Na watu wanapima tofauti tofauti mno. Wanaotabiri miundo wanapima kaboni beta (ya kwanza kwenye tawi la rezidyu) kwa kaboni beta, chini ya 8, na glaisini kwa vile haina kaboni beta wanatumia alfa, ile ya kwenye uzi wenyewe. Anayetafuta bondi ya haidrojeni anapima atomu inayotoa na inayopokea, kama 3.5 hivi, na anaangalia na pembe. Daraja la chumvi, yaani chaji hasi na chaji chanya kushikana, kawaida 4 kati ya oksijeni ya huku na naitrojeni ya kule. Ukisikia mtu anasema "nimepata migusano 312" bila kusema anapimaje, huyo hajasema kitu.

Kwa kazi yako mimi ningetumia atomu zote isipokuwa haidrojeni (miundo mingi ya eksirei haidrojeni hazionekani kabisa, usizitafute), kikomo 4.5, halafu ningerudia kwa 4 na kwa 5 niweke zote kwenye jedwali. Idadi itapanda itashuka, sawa, ila kama valini 6 inabaki kwenye kishimo cha 85 na 88 kwa vikomo vyote basi hoja yako imesimama. Na ondoa majirani wa kwenye mnyororo, rezidyu zilizopishana kwa tatu au nne, maana hemoglobini ni heliksi tupu, usipowaondoa watakujazia jedwali lote na wewe unatafuta wageni, hutafuti wanafamilia.

Mwisho nimeona kwenye skripti uliyonitumia unakata mistari ya PDB kwa nafasi tupu. Acha hiyo tabia leo. Faili lile linasomwa kwa safu, x iko herufi ya 31 mpaka 38, y 39 mpaka 46, z 47 mpaka 54, na namba zikiwa kubwa au hasi zinashikana bila nafasi katikati, hapo unasoma takataka. Tumia Biopython (maktaba ya Python ya kusoma mafaili haya) au soma mmCIF (mpangilio mpya zaidi wa faili hilo).

SWALI: Habari Anko. Mimi sijasoma sayansi, nina mtoto wa miaka mitano ana selimundu. Mwanafunzi mmoja jirani yetu anashinda kwenye kompyuta akihesabu hizo rezidyu za selimundu, nikamuuliza itamsaidia nini mwanangu akaanza kunieleza nikapotea. Naomba wewe uniambie. – Mama wa Mwanza

JIBU: Nzuri dada, na pole na uuguzi. Nitajaribu.

Bila shaka uliona mwanao miezi ya mwanzo alikuwa salama, matatizo yakaja baadaye kidogo. Mtoto akizaliwa damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni, ambayo badala ya cheni beta ina cheni nyingine inaitwa gama. Hiyo gama haina ile valini mbaya, halafu nafasi ya 87, jirani kabisa na kile kishimo nilichomweleza mwanafunzi hapo juu, ina glutamini wakati beta ina threonini. Ni kubwa zaidi, inaharibu mkao, kamba zinashindwa kusokoteka. Ni kama umeweka kijiti kwenye tundu la kufuli. Ile ya tumboni ikianza kupungua ndo shida zinaanza.

Sasa haidroksiyurea, ambayo huenda kliniki wameshakutajia au mtoto ameshaanza, moja ya kazi zake ni kuurudisha mwili utengeneze ile hemoglobini ya tumboni kwa wingi. Kwa hiyo ukimpa dawa ile unaongeza vijiti kwenye makufuli, na kujua kwamba kijiti kipo nafasi ya 87 ni kazi ya watu wa namna ya huyo jirani yako.

Ila nisikudanganye kwamba kila kinachopendeza kwenye kompyuta kinapendeza kwa mgonjwa. Kulikuwa na dawa inaitwa voxelotor, inashika mwanzo wa cheni alfa na kuifanya hemoglobini isiachie oksijeni haraka, na hemoglobini yenye oksijeni haisokoti kamba. Kwa mantiki ya migusano ilikuwa nzuri sana, Marekani wakaipitisha 2019. Septemba 2024 Pfizer wakaitoa sokoni dunia nzima kwasababu faida haikuzidi madhara. Kwa hiyo dada, dozi ya mtoto fuata ya kliniki, maji anywe ya kutosha, baridi asikae nayo, na akipata homa usisubiri kesho.

SWALI: Niaje Anko, niko Eldoret. Nimelinganisha hemoglobini yenye oksijeni 1HHO na isiyo na oksijeni 4HHB. Migusano kati ya cheni kwenye 1HHO ni michache ajabu, si hata nusu. Naweza kuandika kwamba oksijeni inavunja migusano mingi hivyo? – Mtafiti chipukizi

JIBU: Poa sana. Usiandike! Fungua 1HHO uhesabu cheni: A na B tu. 4HHB ina A, B, C na D. Waliotengeneza 1HHO waliweka nusu ya molekuli kwasababu nusu nyingine ni nakala yake, ukiizungusha unaipata. Umelinganisha ndoa na mtu aliyekaa peke yake ukasema hawaongei. Ukidaunlodi chagua muundo uliokamilika wa kibayolojia, wengine wanauita asembli, siyo faili la kawaida.

Ukirudia utakuta tofauti ndogo lakini tamu kweli. Kwenye isiyo na oksijeni histidini ya 146, shanga ya mwisho ya beta, imeshikana kwa daraja la chumvi na aspartati ya 94 ya cheni hiyo hiyo, oksijeni ikiingia daraja linakatika. Na nusu moja ya molekuli inazunguka kama digrii 15 dhidi ya nusu ya pili, kwa hiyo aspartati ya 99 ya beta inaachana na tairosini ya 42 ya alfa, halafu aspartati ya 94 ya alfa inamshika asparajini ya 102 ya beta. Wanabadilishana wachumba, basi. Max Perutz aliyepata Nobel 1962 pamoja na John Kendrew alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye molekuli hii moja, na madaraja haya ya chumvi ndo aliyoyatumia kueleza kwanini oksijeni ya kwanza ikishaingia za nyuma zinaingia kwa ulaini zaidi.

SWALI: Anko, si AlphaFold, ile programu ya AI inayotabiri miundo ya protini, imeshamaliza mambo yote haya? Na mimi laptopu yangu ina RAM ya 4 tu, nitaweza kweli? – Mdau, Zanzibar

JIBU: Maswali mawili kwa bei ya moja, haya.

AlphaFold imefanya makubwa, 2020 kwenye CASP, mashindano ya kutabiri miundo ya protini, iliwaacha wenzake mbali, na 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakagawana Nobel ya kemia na David Baker. Lakini jua nguvu yake imetoka wapi. Muda mrefu kabla yake watu walishagundua kwamba rezidyu mbili zinazogusana zinabadilika pamoja: ukiweka protini moja ya binadamu, ya ng'ombe, ya kuku na ya samaki kwenye mistari, ukaona kila mara hii ya huku ikinenepa ile ya kule inakonda, ujue zinakaa godoro moja. Kutoka kwenye kupatana kwa namna hiyo unakisia ramani ya migusano hata kama muundo hujawahi kuuona. AlphaFold ilijengwa juu ya wazo hilo na kulipeleka mbali zaidi.

Sasa mpe mnyororo wa beta wenye glutamati nafasi ya 6, halafu umpe wenye valini. Atakuletea umbo lile lile mara mbili, na atajiamini mara zote mbili. Ndo kilichomkuta mdogo wetu wa masta, ugonjwa hauko kwenye umbo la mmoja. Kwa hiyo mtumie, lakini kabla ya kuhesabu angalia alama za kujiamini anazoweka kwa kila rezidyu, zinakwenda mpaka 100, juu ya 90 tembea kifua mbele, chini ya 50 ile sehemu ni tambi tu imening'inia hewani na mgusano wowote utakaoupata pale ni wa kubahatisha.

Laptopu inatosha bwana. Hemoglobini nzima ina rezidyu 574, jozi zote ni 164,451, Python itamaliza hujamaliza kumimina chai. Ukienda kwenye atomu kwa atomu ndo tumia NeighborSearch ya Biopython, inaangalia walio karibu tu badala ya kumuuliza kila mtu. Kitakachokushinda ni pale utakapotaka kuona protini inavyocheza cheza, mafremu maelfu kwa maelfu, hapo hamia Colab, kompyuta ya Google ya mtandaoni. Ila kwa hii usiogope, faili la 2HBS lenyewe ni dogo kuliko hizo video za harusi ulizojaziwa kwenye grupu la ukoo, futa mbili tatu upate nafasi.